Pumu isiyosikia dawa: mwongozo kamili kwa aliye zamu

Saa nane usiku kijana analetwa kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na kaka yake asianguke. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mabega juu, mikono imeshika godoro, neno moja kwa pumzi moja. Inhela ya bluu, yaani salbutamoli ya kufungua mirija, ameipuliza tangu magharibi mpaka ikaisha. Mmempa oksijeni, nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke) tatu mfululizo na haidrokotisoni ya mshipa. Saa moja imepita, hajapata nafuu. Mwongozo huu unaanzia hapo.

Nawaandikia tabibu, muuguzi na daktari wa hospitali ya wilaya, pale ambapo mashine ya kupumulia iko mkoani, saa tatu kwa barabara. Ndugu wa mgonjwa naye asome, ingawa kazi yake ni fupi: mkalishe mgonjwa wima, mpe inhela ya bluu kupitia spesa (chombo cha kati kinachoshika mvuke wa inhela kabla haujavutwa), mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20, na yote hayo yafanyike huku gari linatafutwa. Usingoje kuona kama itatulia.

Kabla ya dozi yoyote, shika jambo moja. Katika pumu kali, tabu kubwa iko kwenye hewa kutoka kuliko kuingia. Mirija imebana, imevimba na kujaa makohozi mazito kama uji. Mgonjwa anavuta pumzi mpya kabla ya ile ya zamani kutoka, pumzi inapandana juu ya pumzi, kifua kinafura kama pipa na mwishowe hata damu inashindwa kurudi kwenye moyo. Kwa hiyo, kwa kila uamuzi wa usiku huo, jiulize: hili linaisaidia hewa itoke, au linaongeza iliyonaswa?

Hatua ya 1: Hakikisha dawa za kawaida zimeshindwa kweli

Nimeitwa mara nyingi kwa sababu "dawa zimegoma", nikakuta hazijamfikia mgonjwa. Barakoa ya nebulaiza imeshuka shingoni, mvuke wote unaelekea darini. Umeme ulikatika dakika ya tano na hakuna aliyerudi kuwasha. Haidrokotisoni imeandikwa kwenye faili kwa mwandiko mzuri kabisa, lakini kichupa bado kiko kwenye trei. Toa dakika mbili za ukaguzi.

Salbutamoli kwa mtu mzima ni miligramu 5 kwa nebulaiza inayosukumwa na oksijeni ya lita 6 hadi 8 kwa dakika, kila dakika 20 katika saa ya kwanza, kisha bila kukatiza kama bado amebanwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 anapewa miligramu 2.5. Ndani ya kikombe hichohicho cha nebulaiza changanya ipratropiamu, dawa nyingine ya kupanua mirija, mikrogramu 500 kwa mtu mzima na 250 kwa mtoto. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, pengine kwa sababu stoo nyingi hazinayo kila mwezi. Ikiwepo, itumie saa ya kwanza, usiiwekee akiba.

Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe wa mirija: prednisoloni ya kumeza miligramu 40 hadi 50 kwa mtu mzima, au miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mtoto bila kuvuka 40. Anayeweza kumeza hapotezi kitu kwa kukosa sindano, kwani nguvu ni ileile. Asiyeweza, haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa kila saa 6. Ila dawa hizi huhitaji saa 4 au zaidi kuanza kufanya kazi. Aliyepewa dakika 40 zilizopita hajashindwa na steroidi, bado hajaionja. Yote yatakayofuata hapa chini ni ya kununua hizo saa.

Oksijeni: lenga asilimia 93 hadi 95 kwenye oksimita, kipimo cha kidoleni, kwa mtu mzima, 94 hadi 98 kwa mtoto. Kumpandisha mpaka 100 bila sababu kunaweza kuongeza kabonidayoksaidi katika damu. Lakini kama hamna oksimita, mpe tu, usihesabu.

Hatua ya 2: Hivi hii ni pumu?

Pita haraka, lakini pita. Mtoto aliyekuwa akila karanga na mluzi uko upande mmoja tu wa kifua: kuna kitu kimekwama. Midomo imevimba, mwili una vipele, kuna dawa au chakula kipya: ni mzio mkali, na dawa yake ni adrenalini mara moja. Mzee mwenye shinikizo la damu, miguu imevimba, mapafu yanatoa mlio wa maji: moyo. Maumivu ya ghafla upande mmoja na pafu moja halisikiki: hewa imevuja nje ya pafu. Piga picha ya kifua ikiwa inawezekana bila kumhamisha mgonjwa kutoka kwenye oksijeni. Chumba cha eksirei si mahali pa kuzimikia.

Na waulize ndugu kuhusu vidonge. Propranololi, hata matone ya macho ya timololi, yanaweza kubana mirija mpaka salbutamoli ikose pa kushika.

Hatua ya 3: Zijue dalili za anayekwisha

Ajabu ya pumu ni kwamba mgonjwa anayekaribia kufa huonekana ametulia. Mluzi unapotea kwa sababu hewa haitembei tena. Kifua kimya ni habari mbaya kuliko kifua chenye kelele. Anaacha kuhangaika, anasinzia, anajibu ovyo. Mapigo ya moyo yaliyokuwa 130 yanaanza kushuka bila nafuu nyingine yoyote. Oksijeni chini ya 92 akiwa bado kwenye barakoa. Midomo ya bluu. Mkipima hewa za damu, kabonidayoksaidi ya kati ya milimita 35 na 45 za zebaki kwa mtu anayehema mara 35 kwa dakika si ya kawaida hata kidogo: kwa kasi hiyo ilipaswa kuwa chini, na kurudi kwake "sawa" maana yake anachoka.

Mwenye hata moja kati ya hizo, piga simu ya rufaa sasa, kisha endelea kusoma.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo: anayehangaika, anayevua barakoa, anayetaka kushuka kitandani, usimchome diazepamu "ili atulie". Anahangaika kwa sababu anakosa hewa. Ukimtia usingizi bila bomba la kupumulia na bila mtu wa usingizi pembeni, umeondoa nguvu ya mwisho aliyokuwa akiitoa hewa nayo.

Hatua ya 4: Tuma mtu wodi ya wazazi

Dawa ya kwanza baada ya zile za kawaida iko hospitalini kwenu tayari, ila imewekwa kabati jingine. Ni salfeti ya magnesiamu, ileile ya kifafa cha mimba. Hulegeza misuli laini ya mirija ya hewa. Majaribio ya kitabibu hayajakubaliana kuhusu ukubwa wa faida yake, lakini kwa aliyeshindwa na tiba ya saa ya kwanza inapunguza haja ya kulazwa, ni rahisi, na ukiitoa kwa kipimo ni salama.

Dozi ya mtu mzima ni gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika 20, mara moja. Soma lebo kabla ya kuvuta. Ya asilimia 50 ina miligramu 500 katika kila mililita, kwa hiyo gramu 2 ni mililita 4. Ziweke kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, weka dripu ya dakika 20. Mtoto: miligramu 40 hadi 50 kwa kilo, usivuke gramu 2. Mtoto wa kilo 20 kwa hiyo hupata gramu 1 kwa juu kabisa, yaani mililita 2 za dawa hiyohiyo.

Hatari iko kwenye mazoea. Mkunga aliyezoea kifafa cha mimba mkono wake unakwenda kwenye gramu 4 za mshipa na 10 za makalioni. Dozi hiyo si ya hapa. Mwambie kabla hajavunja kichupa.

Wakati dripu inaingia, mgonjwa atahisi joto usoni, hilo lisiwatishe. Pima shinikizo la damu kila dakika 5. Gonga goti: mguu usiporuka, simamisha dripu. Pumzi ikianza kulegea, mpe kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, polepole kwenye mshipa. Mwenye figo mbovu, fikiri mara mbili.

Hatua ya 5: Adrenalini, na za zamani

Kama hewa haiingii kiasi cha kubeba mvuke wa nebulaiza, dawa haitafika kwa njia hiyo. Adrenalini ya 1 kwa 1,000, mililita 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, hufika kwa njia ya damu. Mtoto ni mililita 0.01 kwa kilo. Miongozo mikubwa, ikiwemo ya GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, haiiweki kama tiba ya kawaida ya pumu isipokuwa penye mzio mkali. Nakubaliana nayo kwa hospitali yenye kila kitu. Kwa anayezimika mbele yako ambako nebulaiza haipo au haifanyi kazi, choma.

Aminofilini, dawa ya zamani ya kupanua mirija, ndiyo tuliyokulia nayo. Wazee wetu kazini waliiweka kwenye kila dripu ya pumu, na bado kuna wagonjwa wanaodai "ile sindano ya kifua". Leo GINA haiipendekezi: faida ni ndogo ukiwa umeshatoa salbutamoli ya kutosha, na umbali kati ya dozi ya kutibu na ya kudhuru ni mwembamba. Ukilazimika kwa sababu kingine kimekwisha, ni miligramu 5 kwa kilo kwa dakika 20 au zaidi, kamwe si kwa kuisukuma na bomba la sindano. Kwanza uliza kama amemeza vidonge vya theofilini, dawa ya jamii hiyohiyo, kutoka duka la dawa; kama amemeza, acha dozi hiyo ya kuanzia. Siprofloksasini na erithromaisini huipandisha zaidi kwenye damu. Akitapika, moyo ukienda mbio bila mpangilio au akianza degedege, funga dripu.

Mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu: salbutamoli nyingi, hasa ya mshipa, huongeza asidi ya lakteti katika damu, na mwili hujibu kwa kupumua haraka. Unasikiliza kifua, hewa inaingia vizuri kuliko mwanzo, mluzi umepungua, lakini anahema kuliko mwanzo. Ukimwongezea salbutamoli unamzidishia. Punguza, tazama nusu saa. Dawa hiyohiyo pamoja na steroidi hushusha potasiamu, kwa hiyo pima na urudishe. Misuli isiyo na potasiamu haina nguvu ya kupumua.

Hatua ya 6: Ketamini, na barakoa ya mgandamizo

Mwite mtaalamu wa usingizi kabla hujamhitaji. Anayo ketamini, ambayo hutuliza bila kuzima pumzi kirahisi na hupanua mirija. Kwa dozi ndogo, miligramu 0.1 hadi 0.2 kwa kilo polepole, ikifuatiwa na dripu ya miligramu 0.5 kwa kilo kwa saa, baadhi ya wagonjwa hulegea na kukubali barakoa. Ushahidi wake ni hafifu, nami huitumia kama daraja, siitegemei kama tiba. Huongeza mate, kwa hiyo mashine ya kufyonza iwe imewashwa. Itolewe tu alipo mtu anayeweza kuweka bomba la kupumulia.

Penye mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, inaweza kujaribiwa kwa mgonjwa aliye macho na anayeshirikiana. Mpe saa moja hadi mbili, si usiku mzima. Anayesinzia asiwekewe.

Hatua ya 7: Bomba la kupumulia, na mkono wenye haraka

Hakuna namba moja inayoamua. Amezimika, ameacha kupumua, hajibu tena, au mbele ya macho yako anachoka licha ya yote: weka bomba. Aweke aliye mzoefu kuliko wote jengoni, maana kugusagusa koo la mgonjwa huyu kunaweza kubana mirija zaidi.

Jaza mishipa kwanza, mililita 500 za maji ya chumvi au zaidi, kwa sababu ukianza kusukuma hewa shinikizo la damu litashuka. Ketamini miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, kisha suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo. Bomba liwe pana, namba 8 kwa mwanamume akilipokea, ili hewa itoke kwa urahisi na makohozi yafyonzwe.

Sasa linakuja kosa linaloua. Bomba limeingia, kila mtu amefurahi, aliyeshika mfuko wa ambu, ule wa kumpumulisha kwa mkono, anaubana kwa kasi ya mapigo ya moyo wake mwenyewe. Fanya hesabu. Kwa pumzi 30 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 2: ukitumia 1 kuingiza, inabaki 1 ya kutoa. Mirija hii haiwezi kutoa hewa kwa sekunde moja. Kwa pumzi 8 kwa dakika una sekunde saba na nusu: moja ya kuingiza, sita na nusu za kutoa. Hesabu kwa sauti, "bana, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba", ndipo ubane tena. Itaonekana kama unamnyima. Muuguzi atakutazama vibaya. Endelea kuhesabu.

Kwenye mashine ni uleule ufahamu: pumzi 6 hadi 10 kwa dakika, mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito unaolingana na urefu wake, muda wa kutoa uwe mara nne au tano ya muda wa kuingiza, mgandamizo wa mwisho wa pumzi usizidi sentimita 5 za maji. Kengele ya mgandamizo wa juu italia. Unaotakiwa kuuchunga ni ule unaopimwa hewa ikisimama, ubaki chini ya sentimita 30 za maji. Kabonidayoksaidi itapanda na damu itakuwa na asidi. Iache, ilimradi pH, kipimo cha asidi, isishuke sana chini ya 7.2. Mwaka 1984 Darioli na Perret wa Lausanne, Uswisi, walichapisha matokeo ya kuwapumulisha wagonjwa wa pumu polepole kwa makusudi namna hiyo, na hakuna aliyekufa katika kundi lao. Tangu hapo tumeacha kukimbizana na namba nzuri za damu.

Shinikizo likianguka ghafla baada ya bomba, jambo la kwanza ni kuchomoa mashine au mfuko kutoka kwenye bomba na kuacha wazi. Subiri, bonyeza kifua pande zote mbili taratibu, sikiliza hewa ndefu ikitoka. Mara nyingi mapigo yanarudi hapohapo, na umepata jibu: mlikuwa mnapuliza haraka mno. Yasiporudi, bomba limeingia pafu moja? Limeziba? Hewa imevuja kifuani? Kwa hilo la mwisho, penye ishara za upande mmoja, ingiza sindano nene nafasi ya tano ya mbavu mbele kidogo ya mstari wa kwapa, kisha mrija wa kifua. Moyo ukisimama kabisa, kandamiza kifua kama kawaida, lakini mfuko uchomolewe kwanza, na fikiria kwamba hewa huenda imevuja pande zote mbili za kifua.

Ikishindikana hapo, zimebaki gesi za usingizi. Isofluraini na sevofluraini hupanua mirija, na mashine yake iko chumba cha upasuaji, si chumba cha mahututi. Mgonjwa anaweza kuhamishiwa huko. Haloteni nayo hupanua, lakini kwa mwili uliojaa adrenalini na salbutamoli inaweza kuvuruga moyo. Mashine ya kuingiza oksijeni kwenye damu nje ya mwili huokoa wengi kati ya wachache wanaoifikia. Kwa wilayani tuiache kwenye sentensi hii.

Hatua ya 8: Safari

Asiondoke bila mtu anayeweza kumbania mfuko. Hesabu oksijeni: mtungi wa ujazo wa lita 10 ukisoma baa 100 kwenye geji una lita 1,000 hivi, kwa lita 8 kwa dakika ni saa mbili na dakika chache. Safari ya saa tatu inahitaji miwili, na wa akiba. Njiani, kwa asiye na bomba, inhela na spesa zinaendelea bila kuhitaji nebulaiza. Beba adrenalini iliyokwisha kuvutwa na kuandikwa lebo. Kwenye barua ya rufaa andika saa za kila dozi, hasa magnesiamu, wasije wakairudia mlangoni.

Akiamka

Prednisoloni siku 5 hadi 7 kwa mtu mzima, 3 hadi 5 kwa mtoto. Asitoke na inhela ya bluu peke yake. Tangu 2019 GINA inasema hivyo waziwazi: bluu hufungua mirija, haitibu uvimbe, na anayeitegemea peke yake yumo hatarini. Atoke na inhela yenye steroidi, na aitumie mbele yako, maana wengi huipuliza kwenye ulimi. Spesa ikikosekana, chupa ya maji ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni inatosha. Madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto, wakachapisha mwaka 1999 kwamba inakaribia kabisa ile ya dukani. Kikombe cha foamu hakikufua dafu.

Arudi ndani ya wiki. Siku hiyo uliza kuhusu jiko la kuni au mkaa, aspirini, vumbi la kazini, na kwa upole, pesa ya dawa. Aliyetimiza yote hayo na bado anabanwa vibaya ndiye wa kumpeleka kwa bingwa wa kifua. Zipo sindano kama omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, lakini bei yake bado ni ya wachache. Na kwenye jalada la kadi yake andika kwa wino mwekundu: "Amewahi kuwekwa bomba kwa pumu", pamoja na tarehe, ili atakayekuwa zamu siku nyingine asingoje nebulaiza ya tatu ndipo atume mtu wodi ya wazazi.